Gemu bora za miaka kumi: ipi ununue kwanza ukiwa Arusha au Moshi

Muulize kijana yeyote kwenye kibanda cha PS (PlayStation) pale Sakina au Unga Limited gemu bora ni ipi, atakutajia ya mpira. Namwelewa. Kibandani wawili wanashika pedi, dakika chache mechi imeisha, aliyefungwa anampisha mwingine. Mwenye kibanda anaishi kwa gemu ya namna hiyo na ana haki ya kuinunua kila mwaka. Mwongozo huu ni wa mtu mwingine: mwenye mashine yake nyumbani, mwenye fedha ya CD moja, labda mbili kwa mwaka, anayetaka kitu ambacho likizo ya mwezi wa sita mwakani bado atakuwa hajakichoka.

Kwa mtu huyo CD ya mpira ndiyo inayopoteza thamani haraka kuliko zote. Kila mwaka inatoka mpya, ile ya zamani inabaki na vikosi vya wachezaji waliokwisha kuhama, na ukiitembeza kuiuza kila mtu anakuuliza kama huna ya mwaka huu. Kama roho yako iko kwenye mpira, eFootball inapakuliwa bure tangu 2021. Nunua bando la kuipakua, hela ya CD iweke kwingine.

Orodha nyingi za gemu bora kuanzia 2015 zimeandikwa na watu wenye intaneti isiyopimwa na umeme usiokatika. Mimi nimeuliza maswali matatu yanayotuhusu sisi. Gemu yote imo kwenye CD, au utafika nyumbani ukaanza kununua bando? Umeme ukikatika ghafla unapoteza nini? Ukishamaliza, CD itapata mnunuzi au wa kubadilishana naye? Uzuri wa gemu zote ninazozipanga hapa hauna mjadala kwangu. Kilichofanya hii ikae juu ya ile ni majibu ya maswali hayo.

1. The Witcher 3: Wild Hunt

Studio ya CD Projekt Red ya Poland iliitoa Mei 2015, ikaongeza hadithi mbili nzima: Hearts of Stone Oktoba mwaka huohuo, na Blood and Wine Mei 2016. Kwa hiyo usichukue CD ya mwanzo hata ukipunguziwa bei. Tafuta kava lililoandikwa Game of the Year Edition kwa PS4, au Complete Edition kwa PS5. Hapo nyongeza zote mbili zimo ndani, na unaweza kuianza na kuimaliza bila kuunganisha intaneti hata mara moja. Nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 50, na wingi huo ndio unaofanya CD iliyotumika ipatikane bila kusubiri sana.

Wewe ni Geralt, mwindaji wa viumbe vya kutisha anayelipwa kwa kazi. Kwenye eneo la kwanza kabisa kuna mtu mwenye binti mgonjwa anayehitaji maji safi, na kisima kilicho karibu hakitekeki kwa sababu ya mzimu unaotokea jua la utosi. Gemu nyingine ingekupa upanga na kukwambia ukapige. Hii inakutaka uulize, ukague yale magofu, ushuke kisimani, mpaka ujue mwanamke yule aliuawa vipi na kwa nini bangili yake inamzuia kuondoka. Ukishajua ndipo unapigana naye, na unapigana ukiwa unamhurumia.

Baadaye kuna kisa cha Baroni anayemtafuta mkewe na binti yake. Ni mlevi, amempiga mkewe, na katika yale mapigano mimba imetoka. Kichanga kile kilizikwa bila jina na kimerudi kikiwa kiumbe kinachonyonya nguvu za wajawazito. Unaweza kukiua. Unaweza pia kumlazimisha baba akibebe mikononi usiku, akipe jina, akizike chini ya kizingiti cha nyumba ili kiwe mlinzi wa nyumba ileile. Mtu aliyekulia Uchaggani au Umeruni, mahali ambapo jina la mtoto na pale anapozikwa mtu ni mambo ya ukoo mzima, hahitaji kuelezwa kwa nini tukio hilo linabana kifua. Sijaona gemu nyingine katika miaka hii iliyoandika aibu ya nyumbani kwa heshima kiasi hicho, na kwangu sababu hiyo peke yake ingetosha kuiweka ya kwanza.

Kuhusu umeme: ina sehemu inahifadhi yenyewe pale ulipofikia, na nje ya mapigano unaweza kuhifadhi mwenyewe wakati wowote. Jizoeze kuhifadhi kila unapomaliza mazungumzo marefu, hata ukikatikiwa utapoteza dakika chache tu.

Ubaya wake upo. Maneno ni mengi na yote ni ya Kiingereza au lugha nyingine za nje. Asiyesoma Kiingereza kwa raha atabonyeza kuruka mazungumzo, na akiyaruka amelinunua ganda. Saa za mwanzo upanga unaonekana mzito. Pia ni ya miaka 18 kwenda juu, na ina matukio ya chumbani ambayo hutaki yajitokeze kwenye TV ya sebuleni shangazi akiwa amekaa.

2. Stardew Valley

Najua wapo watakaoshangaa kuiona juu ya gemu zenye milima na farasi. Nimeiweka hapa kwa ajili ya wengi wasio na PS kabisa. Inacheza kwenye simu ya Android au iPhone, kwenye kompyuta ya ofisi iliyochoka, ukubwa wake haufiki GB 1, na ikishapakuliwa haihitaji bando. Kwenye simu bei yake ya kawaida ni dola 4.99, kwenye kompyuta dola 14.99. Haina matangazo, na haikuuzii vito wala kitu kingine ndani.

Mmarekani Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne: michoro, muziki, maandishi, kila kitu. Ilitoka Februari 2016, na kila alichoongeza tangu hapo amekitoa bure. Kisa chake kinaanza na mtu aliyechoka kukaa mbele ya kompyuta ya kampuni mjini. Anafungua barua ya babu yake marehemu, na ndani yake kuna shamba alilorithishwa. Kwa mtu wa Moshi hicho ni kihamba, na kila anayefanya kazi mjini huku shamba la babu likiota magugu Kibosho au Marangu atalijua wazo hilo kabla hajabonyeza chochote. Unafyeka, unapanda, unamwagilia, unafuga. Kahawa ipo na inalimwa na kunywewa humo kama kinywaji cha kukupa mbio, na toleo la 1.5 lilileta mgomba na mwembe.

Inahifadhi pale tu mhusika wako anapolala. Siku moja ya ndani inachukua kama dakika 14, hivyo kwenye kompyuta isiyo na betri umeme ukikatika umepoteza siku hiyo moja. Kwenye simu hilo halikuhusu. Kwa mtoto wa darasa la tano anayejifunza Kiingereza, sentensi zake ni fupi na hazimtishi. Ningemnunulia mwanafunzi hii kabla ya nyingine yoyote kwenye orodha.

3. Elden Ring

FromSoftware ya Japani, Februari 2022. Hii ndiyo ya kumnunulia asiyependa kusoma sana. Hadithi ipo, na misingi ya ulimwengu wake iliandikwa na George R. R. Martin, lakini haikusimamishi kukuhutubia. Unaona mnara kwa mbali, unapanda farasi, unaenda.

Ni ngumu, na haina sehemu ya kupunguza ugumu. Ukitoka tu pangoni kuna askari wa dhahabu juu ya farasi ambaye atakuua. Wengi wanarudi kwake mara kumi mfululizo wakidhani ndiyo njia. Mzunguke. Nchi yote iko wazi, kachukue nguvu kwingine, urudi ukiwa mtu mwingine. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu unafika mahali kwa akili na subira zako mwenyewe.

Kwa sisi wenye umeme wa mashaka ina sifa kubwa: inajihifadhi yenyewe mfululizo muda wote. CD ya PS4 inaingia pia kwenye PS5 yenye mlango wa CD. Inacheza bila intaneti, unachokosa ni wachezaji wengine na ujumbe wanaouacha ardhini.

4. Red Dead Redemption 2

Kwa uzuri mtupu wa kutazama, hakuna iliyoizidi kwenye PS4. Rockstar waliitoa Oktoba 2018. Ni Marekani ya 1899, genge la majambazi linalokimbia sheria, na mtu mmoja, Arthur Morgan, anayeanza kujiuliza amekuwa akimtumikia nani. Ni ya polepole. Unamlisha farasi, unasafisha bunduki, unakaa kambini kusikiliza watu wakiongea. Mwenye haraka aiache.

Imeshuka mpaka namba nne kwa mambo ya nyumbani. Inameza zaidi ya GB 100, kwa hiyo PS4 ya GB 500 itakubidi ufute vitu. Umeme ukikatika katikati ya misheni, unaianza misheni upya, na zipo ndefu. Halafu ya PS4 ina CD mbili, moja ya kuingiza data na nyingine ya kuchezea. Zinazouzwa mkononi mara nyingine zimebaki na moja. Ya kuchezea peke yake haikusaidii kitu.

5. It Takes Two

Ya 2021, kutoka studio ya Hazelight ya Sweden. Haichezeki na mtu mmoja. Lazima muwe wawili, na CD moja inawatosha kwenye TV moja. Mume na mke wanaotaka kuachana wanageuzwa vikaragosi na inabidi washirikiane kila hatua. Mkiwa ndugu wawili, au wenza, na mna pedi mbili nzima, ipandishe mpaka namba mbili. Ukiwa peke yako ipite.

Wenye mashine nyingine

Mwenye PS5 au kompyuta yenye nguvu anunue Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ubelgiji, iliyotoka 2023. Kwa uhuru wa kuamua inaipita hata The Witcher 3, na ningeiweka juu kama isingekuwa kwamba haipo kwenye PS4, mashine ambayo wengi wetu tunayo. Mwenye Nintendo Switch aanze na The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017. Giza likiingia mtaani yeye anaendelea na betri yake.

Usiyopaswa kuinunua

Cyberpunk 2077 ya PS4. Ilipotoka Desemba 2020 hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa dukani kwao siku chache baadaye, ikarudi Juni 2021. Leo kwenye PS5 ni gemu nzuri kweli, lakini CD ya PS4 bila kupakua marekebisho makubwa inakupa ile ya siku ya kwanza, na nyongeza yake ya Phantom Liberty haikuletwa PS4 kabisa. Muuzaji akikupunguzia bei sana kwenye hiyo, ujue anaijua.

Kabla hujatoa hela

Iwe dukani Barabara ya Sokoine au kwa mtu uliyempata kwenye grupu la WhatsApp, igeuze CD kwenye mwanga. Mikwaruzo ya nywele si tatizo. Ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu la katikati ni tatizo, utaongezeka mpaka siku moja isisome. Omba iwekwe kwenye mashine na msubiri mpaka imalize kuingia. Menyu kufunguka peke yake hakuthibitishi kitu. CD ya kutumwa kwa basi kutoka Moshi, mwambie mwenzio akupigie video ikiwa inaingia kabla hajaifunga.

Ukiuziwa PS5 iliyotumika, angalia kama ina mlango wa CD. Ile ya Digital haina, na yote niliyosema kuhusu kuuza na kubadilishana yanakufa hapo. Mtandao wa PlayStation hauna duka rasmi la Tanzania, kwa hiyo watu hufungua akaunti za nchi nyingine na kununua kadi za malipo za nchi hiyo. Kava likiwa na namba ya siri (code) ya kupakulia nyongeza, ihesabu kuwa imeshatumika.

Kaa mbali na wanaokuuzia akaunti yenye gemu ndani kwa bei ya soda. Aliyeifungua anaweza kuirudisha kwake wakati wowote, na huna pa kulalamika. Kwenye kompyuta, duka la mtandaoni la Steam linarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujavuka saa mbili za kucheza, kwa hiyo ijaribu mapema uone kama mashine yako inaiweza. GOG, duka jingine la mtandaoni, wanakupa The Witcher 3 kwa faili unaloweza kulihifadhi kwenye diski ya nje na kuliingiza hata miaka mitano baadaye bila intaneti.

Na kama utanunua CD mbili mwaka huu, moja iwe stabilaiza. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza mashine yenyewe, na fundi wa kuitengeneza atakutoza zaidi ya gemu yoyote niliyoitaja.