Mafunzo kwa Vitendo katika Ofisi Ndogo ya Ubunifu Majengo: Tathmini ya Mwanafunzi

Wanafunzi wengi wa ubunifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi, msimu wa mafunzo kwa vitendo unapowadia, hukimbilia kampuni kubwa zenye miradi ya maghorofa. Mimi nilipokewa na ofisi ndogo ya Sinza, jijini Dar es Salaam, ambayo kazi zake nyingi ni nyumba za kuishi na majengo madogo ya biashara. Kwa maoni yangu, ofisi hiyo inajua kufundisha kazi kuliko inavyojua kumlea mwanafunzi.

Kwa kuwa haina idara, mwanafunzi huifuata kazi tangu mteja anapoingia na picha aliyoiona kwenye simu hadi mafundi wanapofunga nondo. Mkuu wa ofisi, kabla hata hajautazama mchoro wangu wa kwanza, aliniuliza kaskazi na kusi zinaingilia upande gani wa kiwanja, kisha akaigeuza karatasi ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini na vyumba vya kulala visichomwe na jua la jioni. Mteja mmoja aling'ang'ania paa lililofichwa nyuma ya ukuta unaopanda juu yake, ambalo siku hizi karibu kila mwenye kiwanja analitaka. Badala ya kumbishia, mkuu alimchorea mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, kwa kipimo cha 1:20, akamwonyesha mahali ambapo mvua ya masika ingejaa nyuma ya ukuta, majani yakaziba mfereji na maji yakashukia darini. Mteja hakubadili nia, lakini alikubali mfereji upanuliwe na yatobolewe matundu ya kutolea maji yanapozidi.

Huko kwenye ujenzi ndiko nilikofaidika zaidi. Katika kukagua mbao za ngazi kabla ya zege kumwagwa, tuligundua kwamba fundi alikuwa amevigawa vipandio sawasawa bila kuhesabu unene wa sakafu na marumaru, hivyo kipandio cha kwanza kingebaki kifupi kuliko vingine na kuwakwaza watu kila siku. Ramani ilikuwa sahihi. Kosa hilo huonekana tu kwa mwenye futikamba mkononi.

Malezi, kwa bahati mbaya, ni ya kubahatisha. Mkuu anaposhinda kwenye ujenzi, mwanafunzi hubaki akijaza majedwali ya milango na madirisha bila mtu wa kumsahihisha. Kitabu changu cha kumbukumbu za mafunzo kilikaa muda mrefu bila saini, jambo lililonitia aibu msimamizi wa chuo alipokuja. Posho ni nauli tu, nayo huchelewa kila wateja wanapochelewa kulipa. (Kompyuta nazo ni nzito, ila hilo linavumilika.)

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza singeipendekeza, kwani hapo hakuna atakayemfundisha programu ya kuchorea kuanzia mwanzo. Anayeanzia mwaka wa tatu, anayechora bila kushikwa mkono na asiyeona haya kuuliza, aiombe mapema. Kabla ya kuripoti, apatane nao kwa maandishi kuhusu posho na siku ya kusainiwa kitabu, na ahakikishe kwamba atakayesaini ni mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.