Perfadex Plus: maji mazuri, ila usiutundike mfuko juu mno

Uganda ilipata sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo mwaka 2023, na mwaka huohuo hospitali ya Mulago, Kampala, ikapandikiza figo. Mapafu bado. Kwa wanaojiandaa na siku hiyo, maji ya kuoshea na kuhifadhia mapafu ya kuanza nayo ni Perfadex Plus ya kampuni ya XVIVO ya Sweden.

Pafu likikaa baridini bila damu, seli huishiwa nguvu na pampu za sodiamu huzorota. Damu ya mpokeaji inaporudi na oksijeni yake, kemikali kali huzuka, chembe nyeupe hunata kwenye kuta za mishipa, mishipa huvuja na pafu hujaa maji. Yote hayo hujitokeza ndani ya saa 72 za mwanzo.

Sifa kubwa ya Perfadex ni potasiamu kidogo, milimoli 6 kwa lita. Euro-Collins, maji ya kuhifadhia viungo ya zamani, ilikuwa na takriban 115, kiasi cha kubana mishipa ya pafu, maji yasifike kila pembe. Dekstrani 40, aina ya sukari yenye molekuli kubwa, gramu 50 kwa lita, huzuia maji yasivuje nje ya mishipa na chembe nyekundu zisishikamane. Toleo la zamani lilitaka kuongezewa kalsiamu na dawa ya kurekebisha asidi dakika za mwisho, usiku, watu wakikimbizana. Plus huja imeshachanganywa. Kwa sababu hiyo pekee tungeichagua.

Kinachoharibu mara nyingi ni matumizi. Mpe mchangiaji heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) uniti 300 kwa kilo, kisha prostaglandini E1 (dawa ya kutanua mishipa) mikrogramu 500 kwenye ateri ya mapafu. Fungua njia ya kutokea upande wa kushoto wa moyo kabla maji hayajaanza kushuka, la sivyo shinikizo hurudi nyuma na kuumiza mishipa. Mfuko ukae kama sm 30 juu ya moyo. Wenye haraka huupandisha au kuukamua kwa mikono, na kapilari hupasuka. Hesabu mililita 50 hadi 60 kwa kilo: mchangiaji wa kilo 60 atakula lita 3 hadi 3.6, pafu likipumuliwa wakati wote. Kisha osha kinyumenyume, maji yaingilie kwenye vena za mapafu na kutokea kwenye ateri, mililita 250 kwa kila vena. Hapo ndipo vidonge vya damu iliyoganda hutoka, na anayeruka hatua hii huvipeleka kwa mpokeaji.

Kabla ya kufunga koo la hewa, jaza pafu kwa oksijeni asilimia 50, shinikizo lisizidi sm 20 za maji. Kama linasafiri kwa ndege punguza kidogo, kwani hewa hutanuka angani. Barafu isiguse pafu lenyewe: mfuko wa kwanza uwe na Perfadex baridi, wa pili maji ya chumvi baridi, wa tatu mkavu.

Kasoro zake? Ni ghali kuliko dripu ya kawaida, na kwa nadra dekstrani huleta mzio. Tena haimlindi mpokeaji pale klempu, yaani kibanio cha ateri ya pafu, inapofunguliwa ili damu irudi. Daktari aifungue polepole kwa takriban dakika 10, oksijeni ikiwa chini kadiri mgonjwa anavyoweza kuvumilia, na methylprednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, iwe imeshachomwa kabla ya hapo.