Probiotiki za fizi: mwongozo wa kununua kwa watu wa Bukavu

Kama fizi zinatoka damu kila ukipiga mswaki, pesa ya kwanza ipeleke kwa daktari wa meno akukwangue ukoga, ile detartraji. Ukoga ukishakuwa mgumu chini ya ufizi, hakuna kidonge kitakachoutoa. Tena mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia (tiba ya fizi), wa 2020, unashauri probiotiki, yaani vijidudu hai vinavyoliwa kwa ajili ya afya, zisiongezwe kwenye matibabu hayo, kwa sababu ushahidi ni hafifu. Ukitaka kujaribu hata hivyo, usinunue ovyo.

Namba moja ni tembe za kumung'unya zenye bakteria Lactobacillus reuteri (jina jipya Limosilactobacillus reuteri) wa aina za DSM 17938 na ATCC PTA 5289, kama BioGaia Prodentis. Hizo ndizo zilizopimwa zaidi kwenye fizi. Soma boksi mpaka kwenye hizo namba: likiandika "Lactobacillus" tu, lirudishe. Kila tembe iwe na vijidudu hai milioni 200 (UFC kwenye maandishi ya Kifaransa), na idadi hiyo iwe ya mpaka tarehe ya mwisho, si ya siku ya kutengenezwa. Piga hesabu kabla ya kulipa: kwa tembe mbili kwa siku, boksi la 30 linaisha siku 15, na majaribio mengi yalidumu wiki kadhaa. Ukiacha, vijidudu hivyo navyo vinapotea kinywani.

Namba mbili, kwa mbali, ni tembe za bakteria mwingine, Streptococcus salivarius K12. Inafaa zaidi kwa harufu ya kinywa.

Mashanza (maziwa ya mgando) yasiyo na sukari ni chakula kizuri na bei yake ni nafuu, ila usiyahesabu kuwa dawa ya fizi. Yogati tamu ndiyo mbaya: sukari yake inalisha ukoga uleule.

Ya mwisho kabisa ni Ultra-Levure na kapsuli nyingine za kutibu kuharisha. Zinamezwa, zinapita kinywani bila kugusa ufizi. Muuzaji akikuambia "ni probiotiki ileile", usikubali.

Tembe imung'unywe usiku baada ya mswaki, iyeyuke polepole, usinywe maji juu yake. Klorheksidini, dawa ya kusukutua kinywa, inaua vijidudu wazuri na wabaya pamoja, kwa hiyo kama umepewa maliza kwanza wiki zake mbili. Boksi lililoanikwa juani dirishani mwa farmasi liache. Joto likizidi nyuzi 25 linaanza kupunguza vijidudu hai.

Mwenye kinga dhaifu amuulize daktari kwanza. Usaha ukitoka au jino likicheza, usisubiri tembe yoyote.