Kabla ya Homeland au kabla ya 24, tamthilia mbili za runinga za Marekani: uanze na riwaya ipi?

Carrie's Run ya Andrew Kaplan (2013) inaturudisha Beirut, mwaka 2006: Carrie, jasusi wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani) katika Homeland, anaenda kuonana na mtoa habari, kumbe ni mtego. Operation Hell Gate ya Marc Cerasini (2005) inampeleka Jack Bauer, shujaa wa 24, New York, kila sura saa moja, kama kwenye runinga.

Kwa mbio, Cerasini anashinda. Ukiisomea kwenye daladala utapitiliza kituo. Ila Jack hafi, unajua, maana yumo kwenye tamthilia inayofuata. Kwa Carrie hilo halisumbui, maana hofu iko kwenye vidonge vya maradhi ya akili anavyomeza kwa siri CIA wasijue.

Na gharama? Kaplan ana mbili tu za Homeland. 24 Declassified, ambamo Operation Hell Gate imo, ni mfululizo mrefu. Mwenye wikendi moja, Kaplan. Mwenye safari nyingi, Jack.