Injini ndogo iliyochezewa imenoki: utengeneze au ununue nyingine?

Fungua boliti ya kumwagia oili, weka karai chini, kisha chuja oili hiyo kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho kitakuambia mengi kuliko fundi anayeitingisha injini na kutikisa kichwa. Ukiona unga wa kijivu unaometameta kama magamba ya samaki, hiyo ni alumini, na mwenye alumini humo ndani ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu inayozunguka) au pistoni. Vipande vigumu vinavyonaswa na sumaku ni chuma: ringi, meno ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), au beringi. Na oili ikinuka petroli, kabureta ilikuwa inavuja hadi ndani, oili ikawa nyepesi kama maji, na huenda hiyo ndiyo sababu ya msiba wote.

Nazungumzia injini za petroli za silinda moja, za mipigo minne, za cc 160 hadi 212 hivi. Yaani Honda GX160 na GX200 pamoja na nakala zake nyingi. Ndizo zinazochezewa kuliko zote, yaani kubadilishwa ili ziende mbio, mathalan kwenye vigari vya mbio, kwa sababu spea zake zimejaa na zinafunguka kwa spana chache tu. Injini ya namna hii ikifa, swali la kutengeneza au kununua haliwi sawa na la injini ya kawaida. Kwenye iliyochezewa, pesa yako nyingi haiko kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Iko kwenye kabureta kubwa, silensa, springi ngumu za valvu, kamshafti, flaiwili ya kuchongwa (gurudumu zito mwishoni mwa krenki). Kwa hiyo hesabu kwanza vilivyopona.

Halafu tafuta kilichoiua. Hapa sitaki haraka.

Injini hizi hutoka kiwandani gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo, ikiwa imezifunga kwenye mizunguko 3,600 hivi kwa dakika, na kila kitu ndani yake kimepimwa kwa mwendo huo. Konrodi ni ya alumini ya kumimina, inazunguka moja kwa moja juu ya krenki bila beringi ya kati. Hakuna pampu ya oili: kuna kijiko kidogo chini ya konrodi kinachochota oili na kuirusha huku na huku. Ukiitoa gavana, nguvu inayoivuta konrodi haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 3,600 hadi 5,400 mwendo umeongezeka nusu tu, lakini mvuto umekuwa mara mbili na robo. Ukifika 7,200 ni mara nne.

Ya kwanza niliyoichezea niliitoa gavana jioni moja, nikaacha konrodi ileile. Baada ya wiki chache ikatokea ubavuni, karibu na kamshafti, ikaacha tundu la kupitisha vidole viwili. Nikanunua injini mpya, nikahamisha kila kitu, nikaitoa gavana tena. Ya pili ikafa vilevile, tundu karibu palepale. Nilikuwa nanunua injini nzima nzima kuilisha konrodi moja.

Kuna wauaji wengine. Silensa iliyo wazi na kichujio chepesi huingiza hewa zaidi, na kama jeti ya kabureta (tundu linalopimia petroli) haikubadilishwa, petroli inakuwa kidogo na pistoni inaungua. Utaona juu yake pamemumunyuka, au plagi imekuwa nyeupe kama chokaa. Silinda hedi iliyochongwa sana ili kubana zaidi hupasua gasketi. Na wapo wanaokata waya wa kihisi cha oili kwa kuwa kinazima injini kigari kikikata kona. Kinazima kwa sababu oili imekimbilia upande mmoja na kile kijiko hakichoti kitu!

Ukishajua, panga machaguo. Mimi ningetoa pesa yangu kwa mpangilio huu.

1. Kutengeneza, kwa konrodi bora kuliko iliyokufa

Hili ndilo chaguo langu la kwanza pale tu bloku haina tundu wala ufa na krenki imesalimika. Ukifungua utakuta krenki imepakaa alumini, nyeupenyeupe, na wengi hapo huitupa. Usiitupe bado. Alumini iliyoganda juu ya chuma huondoka kwa msasa laini uliolowekwa oili, ukizungusha kama unayesugua pete. Ikisafika, pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, pima kwa maikromita sehemu mbili tofauti kuona kama bado ni duara. Ukucha ukinasa, krenki hiyo imekwisha, na wewe shuka kwenye chaguo la pili.

Silinda nayo ipimwe. Kwenye GX160 na GX200 kipenyo cha kawaida ni milimita 68, na kikomo cha kuchakaa ni 68.165. Ikiwa ndani ya hapo na haina michirizi, ringi mpya zinatosha.

Nunua konrodi ya kuchongwa kutoka kwenye kipande kizima cha alumini, si ya kumimina, pamoja na ringi na gasketi zote. Boliti za konrodi ya kiwandani hukazwa kwa nguvu ya Nm 12 (nyutoni mita). Ya kuchongwa huja na kipimo chake, kifuate hicho. Kukaza kwa kukadiria mkono ndiko kunakorudisha watu mezani mwezi unaofuata.

2. Injini mpya ya kawaida, kisha kuhamisha vifaa

Bloku ikitoboka, mjadala umekwisha. Alumini inachomeleka, ndiyo, lakini joto la kuchomelea linaweza kupindisha silinda, na fundi wa kuinyoosha atadai sehemu nzuri ya bei ya injini. Nunua mpya isiyoguswa. Kanuni yangu: spea na kazi ya kuchonga zikivuka nusu ya bei ya injini mpya, nanunua mpya, kwani pamoja nayo napata koili, kabureta ya akiba, tangi na kivutio cha kuwashia.

Ila wengi huingia hasara wakiwa dukani. Kwanza, shafti. GX200 hiyohiyo huuzwa na shafti ya milimita 20 au ya inchi robo tatu, yaani 19.05. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na klachi au puli yako haitakubali isiyo yake. Nenda na vernia, kile kipimo cha kubana, mfukoni. Pili, GX160 na GX200 zina kipenyo kimoja cha silinda, lakini pistoni ya 160 husafiri milimita 45 na ya 200 husafiri 54; krenki na konrodi hazibadilishani hovyo. Nakala za cc 212 zina silinda ya milimita 70, kwa hiyo ile pistoni yako ya bei mbaya ya 68 itabaki pambo la mezani.

Ukishafunga, iendeshe kwanza ikiwa na gavana, mwaga oili baada ya saa 20 za mwanzo, ndipo uanze kuhamisha. Uwazi wa valvu injini ikiwa baridi, kwenye matoleo mengi ya Honda hizi, ni milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa. Kamshafti ya kuchongwa ina vipimo vyake.

3. Kutanua silinda na kuvika pistoni kubwa

Silinda ikichubuka lakini bloku ni nzima, pistoni za kuzidi kwa milimita 0.25, 0.50 au 0.75 zipo. Kazi ni nzuri akiipata mchongaji mwenye mashine ya kweli, na kama bloku yako tayari ina kazi nyingine ndani yake, mathalan njia za hewa zilizopanuliwa au hedi iliyolinganishwa nayo. Kwa bloku isiyo na chochote cha pekee, sioni faida.

4. Bloku iliyokamilika nusu

Hii ni bloku yenye krenki, pistoni na konrodi tayari, bila vya juu. Inapendeza kwa sababu unalipia tu kile kilichokufa. Kikwazo ni upatikanaji, na mara nyingi bei yake inakaribia ya injini nzima. Ulizia, lakini usiisubiri.

5. Injini ya mkononi iliyochezewa na mtu mwingine

Ya mwisho, na ningeiweka chini zaidi kama kungekuwa na nafasi. Anayeuza injini iliyopandishwa mbio ana sababu. Ukilazimika, omba kufungua kifuniko cha valvu na kile cha flaiwili ukiwa hapohapo. Akikataa, ondoka.

Flaiwili uitazame kwa makini kuliko yote, na hili linahusu machaguo yote matano. Ya kiwandani ni chuma cha kumimina kilichokusudiwa mwendo wa gavana. Ikizungushwa kupita kiasi inaweza kupasuka, na vipande vyake havizuiwi na kile kifuniko chembamba cha bati, ambacho kwenye vigari vya mbio huwa karibu na mguu au kiuno cha dereva. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu kati ya kabureta kubwa na flaiwili ya kuchongwa, nunua flaiwili. Kama haitoshi hata hiyo, rudisha gavana mpaka itoshe.

Na ile iliyokufa usiiuze kwa kilo. Koili, kifuniko cha pembeni, kamshafti na silinda hedi ni spea ambazo utazitafuta usiku mmoja kabla ya shughuli. Bloku yangu yenye tundu la vidole viwili bado ipo chini ya meza: naitumia kujaribia gasketi na kupima boliti kabla sijazitia kwenye injini nzima.