Nimelichoka doli la mkono mmoja

Nimevuta matela mawili kwa lori moja kwa namna zote tatu zinazotumika kuyaunganisha, lakini kilichonifanya niandike ni doli la mkono mmoja, kile kigari cha ekseli kinachobeba mbele ya tela la pili na kushikwa na la kwanza kwa mkono mmoja wa chuma. Majuzi gari dogo lilinichomekea ghafla. Nikakata usukani kidogo, kichwa cha lori kikatii, tela la kwanza likafuata, na nilipotupa jicho kwenye kioo nikaona magurudumu ya upande mmoja ya tela la nyuma yako hewani. Kitini sikuhisi lolote. Ndoano ya tela la mbele na pete ya mkono wa doli haziufikishi mwinamo wa tela la nyuma kwa lile la mbele, kwa hiyo la nyuma laweza kulala barabarani huku dereva akiendelea kupiga mluzi.

Muungo huo una viungo vitatu vinavyopinda, na msukosuko hukua kadiri unavyorudi nyuma, hata tela la mwisho likasukumwa pembeni kwa nguvu inayoweza kufikia mara 2 ya ile ya kichwa. Nilipomwonyesha msimamizi wa yadi iliyotukodishia kwamba ndoano imelika mpaka pete inacheza ndani yake, alinijibu bila kuinua uso kwamba dereva hodari hahitaji kuhisi. Ningependa avute yeye.

Kuunganisha bila doli, ambako tela la mbele lina sahani yake nyuma, yaani bamba la chuma la kuungia, na la pili hukaa juu ya sahani hiyo, ni raha tupu. Viungo ni viwili, matela hushikana yasipinduke moja moja, na mwenye subira huweza hata kurudi nyuma. Nilikuwa tayari kuapa kwamba hakuna kingine cha kununua. Hata hivyo, mkia ule wa sahani husumbua kwenye jukwaa la kupakulia, na si kila tela linaweza kukaa mbele. Doli la mikono miwili nalo hukiondoa kiungo cha ndoano, na magurudumu yake hujigeuza kwenye kona. Ila ni zito, na kulenga ndoano mbili kwa pamoja kunaudhi kuliko ninavyoweza kueleza kwa heshima.

Basi niseme doli la mkono mmoja linamfaa mwenye matela mchanganyiko, kwa kuwa huunga tela lolote na lolote? Nilikusudia kuandika hivyo. Nikimkumbuka yule bwana, siandiki, na yadi yake hata ikinipa doli bure silipokei.