Pampu inasoma 2,800, prosesa inachemka: uzoefu wangu na kipoozaji cha maji

Rejeta ya kipoozaji changu, ile sehemu yenye feni inayotoa nje joto la maji yanayotoka kwenye prosesa ya kompyuta, imepoa. Ya baridi kabisa! Niliwaandikia hivyo huduma kwa wateja, nikaambatanisha na picha, na jibu likaja: "Tafadhali safisha vumbi kwenye feni." Vumbi gani tena? Feni zikizibwa na vumbi, rejeta huwa ya moto, kwa sababu joto limefika pale na halina pa kutokea. Rejeta ikipoa huku prosesa iko nyuzijoto 95, basi joto halijafika kabisa. Muuza vipoozaji asiyejua hilo angetafuta biashara nyingine.

Angalieni na kasi ya kupanda. Tatizo likiwa la feni au rejeta, joto hupanda polepole, dakika kumi na zaidi, maana maji yenyewe huchukua muda kupata moto. Hiki changu kinaruka kutoka nyuzijoto 55 hadi 95 ndani ya sekunde chache nikianzisha kazi nzito, kisha prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Kuruka namna hiyo kuna sababu mbili tu za maana: bamba la shaba lililo chini ya pampu halijakaa vizuri juu ya prosesa, au maji hayatembei.

Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa chochote. Shika mipira miwili ya maji inayotoka kwenye pampu. Maji yakitembea, mipira hiyo hukaribiana joto, hata pesti (ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na bamba ili ipitishe joto) ikiwa mbovu. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, mzunguko umekufa. Wangu ni hivyo, na niliwaambia. Wakajibu: badilisha pesti.

Haya, nikabadilisha. Nilifuta ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, nikaweka tone la ukubwa wa punje ya njegere, skrubu nikazikaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, ili bamba lisilalie upande. Nailoni ya kinga ya bamba haipo. Joto halikushuka hata nyuzi mbili.

Halafu wakaja na hoja iliyonipandisha presha: "Pampu yako inasoma 2,800 kwa dakika, kwa hiyo ni nzima." Namba hiyo inahesabu mizunguko ya rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu, si maji! Rota inaweza kuzunguka vizuri huku njia imeziba. Chini ya pampu kuna mapezi membamba ya shaba, nafasi kati yake haifiki milimita moja. Rejeta nyingi ni za alumini, bamba ni shaba, na dawa ya kuzuia kutu ndani ya maji ikiisha nguvu au ikitengana, masalia yake yanajazana hapo.

Kuna hewa pia, nisiwaonee. Maji hupungua taratibu kwa kupenya kwenye mipira, na hewa hukimbilia sehemu ya juu zaidi. Pampu ikiwa juu kuliko rejeta, hewa inaingia ndani yake na utasikia maji yakikoroma. Rejeta yangu iko juu ya kasha la kompyuta. Nimelaza kasha huku na kule mashine ikiwa imewashwa bila kazi nzito: hakuna kukoroma, hakuna nafuu. BIOS nayo (mipangilio ya msingi ya kompyuta) imewekwa pampu ipate volti 12 muda wote, isifuate mpangilio wa feni. Imebaki kuziba.

Nilipowaeleza hayo yote, mhudumu akauliza: "Kwani wewe ni fundi?" Kisha akanishauri nimpelekee fundi akifungue. Sentensi iliyofuata, ya mtu huyohuyo: kikifunguliwa, waranti imekufa. Sasa nifanye nini, nikiombee?

Kusema haki, kilipokuwa kizima kilifanya kazi. Kuchakata video saa nzima, prosesa haivuki 70, na kimya chake nilikipenda. Kwa kipindi kile ningekipa nyota nne bila kusita. Lakini kipoozaji kilichofungwa moja kwa moja, kisicho na pa kuongezea maji wala kusafishia, kinauzwa pamoja na huduma ya waranti, na huduma hiyo ndiyo niliyowasimulia. Nyota moja.

Basi mbili. Feni zake ni nzuri, zimefungwa kwa skrubu tu, nimezihamishia mbele ya kasha.